Makalio ya Cancellara hayakutoka kwenye siti

Kila nikipata mwendesha baiskeli mpya wa kumfundisha, humwonyesha kwanza video ya Tour of Flanders, mbio za siku moja za Ubelgiji, ya tarehe 4 Aprili 2010. Wako wawili tu mbele, Fabian Cancellara wa Uswisi na Tom Boonen, Mbelgiji aliye nyumbani kwao, na wanapanda kilima cha mawe cha Geraardsbergen. Tazama makalio ya Cancellara. Hayatoki kwenye siti! Anazungusha tu pedali, Boonen anabaki, na yeye anafika mwisho akiwa na zaidi ya dakika moja mkononi.

Juu ya mawe, ukisimama uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakosa mshiko na nguvu zako zinapotea bure. Ukikaa, tairi linang'ata. Ila kukaa kunataka mapaja na mgongo ambao wengi wetu hatuna. Wapo waliosema ameficha mota kwenye fremu. Alikana, na hakuna aliyeleta ushahidi.

Mimi naona pale kazi ya mtu aliyekulia kwenye mbio za kushindana na saa, ambapo kila mtu huendesha peke yake. Alizaliwa karibu na Bern mwaka 1981, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Italia. Alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio hizo 1998 na 1999, kisha wa wakubwa mara 4. Kwenye tambarare adui ni upepo: ukitaka kasi mara mbili, upepo unakudai nguvu mara nane. Kwa hiyo kilo zake 80 hivi hazikumsumbua, mradi ajikunje vizuri. Milimani kila kilo ni deni. Ndiyo maana alivaa jezi ya njano ya Tour de France, ile ya anayeongoza, siku 29 bila kuwahi kuitwaa Tour yenyewe, na hakuna asiye bingwa aliyeivaa siku nyingi kumzidi.

Flanders alishinda mara 3, na Paris-Roubaix, mbio nyingine za mawe kule Ufaransa, mara 3. Mawe nayo yalimlipiza: 2012 mtulinga wake ulivunjika vipande vinne hukohuko Flanders. Mwaka 2015 akavunjika pingili za mgongo, mara mbili.

Kwenye mbio za saa za Olimpiki ya Rio 2016, akiwa na miaka 35, njia ya kilomita 54.5 ilikuwa na vilima, na mimi nisingemwekea hata shilingi. Alitwaa dhahabu, akimshinda Mholanzi Tom Dumoulin kwa sekunde 47. Wa tatu alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa ametoka kutwaa Tour wiki chache tu nyuma. Msimu ulipoisha, Cancellara akastaafu.