Nyumba ukimuandikia kakake, ni ya kakake

Jumatatu alikuwa mzee mmoja wa Shella hapa Malindi, jana mama wa Maweni, na leo asubuhi chai sijaimaliza napigiwa simu na mtu wa Gede, wote watatu wana mtoto mwenye ulemavu, wanataka ushauri wa kumuachia mali, na neno ni lile lile: "Binti yangu, huyu wetu hali yake si unaijua, nyumba namuandikia kakake, atamuangalia."

Jamani. Ukimuandikia kakake, ni ya kakake!

Hati ikishatoka kwa jina lake, sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inamtambua yeye aliyesajiliwa, yale mliyokubaliana mkekani baada ya isha mule ndani hayamo. Na nikisema hivi wazee wananikasirikia, wanadhani namtukana mtoto wao. Sijasema kaka ni mwizi. Kaka anaweza kuwa mtu mwema kabisa na nyumba ikapotea vilevile. Akiweka hati benki akashindwa kulipa, itapigwa mnada. Akifa, nyumba inagawiwa warithi WAKE, na kwa Waislamu kama ameacha mtoto wa kiume basi nduguye hapati hata tofali.

Hili nimelishuhudia. Kaka alikuwa akimuogesha nduguye kwa mikono yake, kila Ijumaa anamvisha kanzu iliyopigwa pasi wanaongozana msikitini. Akafa ajali ya pikipiki. Mjane ana watoto wanne wadogo, akataka haki ya wanawe, na wallahi siwezi kumlaumu. Yule ndugu akatolewa kwenye chumba alichozaliwa akapelekwa kwa shangazi, analala ukumbini, na kwa miezi kila ikifika magharibi anashika njia kurudi kwao. Kwenda kortini kuthibitisha kwamba nyumba ilikuwa amana, yaani kaka alimshikia tu nduguye, inawezekana, lakini ni pesa, ni miaka, na waliokuwepo siku ya makubaliano wengi washatangulia mbele ya haki.

Kama hapana budi jina liwe la kaka, basi yaongezwe maneno mawili tu: "kama mdhamini", yaani anamshikia mwenzake, si mali yake. Sheria hiyohiyo inaruhusu. Msajili haandiki masharti yenu kwenye rejista, ila hati ya amana yenyewe mnaweza kuiacha pale ofisi ya ardhi ihifadhiwe. Maneno mawili! Na wadhamini wawe wawili au watatu, tena mmoja asiwe wa nyumba hiyo.

Sasa Waislamu wenzangu. Mtoto mwenye ulemavu ni mrithi kamili, fungu lake halipungui kwa kuwa haongei au haendi, kwa hivo msiniambie "huyu hana haja". Wasia haumfai, kwa sababu mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie, na hata asiye mrithi wasia wake hauvuki thuluthi ya mali. Inabaki hiba, yaani zawadi, na wakfu. Hiba inataka makabidhiano ukiwa hai. Wazee wanatia sahihi karatasi ya hiba halafu kodi ya nyumba wanaendelea kula wao kama kawaida, siku ya kilio watoto wengine wanasema hiba haikutoka, na mbele ya kadhi wana hoja. Kama unapokea kwa niaba ya mwanao, andika hivo, na kodi iingie mahali inapoonekana kuwa ni yake.

Wakfu ndo ninaoupendekeza zaidi siku hizi kwa nyumba za kupangisha: faida ni ya mtoto maisha yake yote, akiondoka inakwenda kwa maskini au msikiti, haiuzwi wala hairithiwi. Hofu yangu ni hapohapo kwenye kutouzwa. Mtoto akihitaji matibabu makubwa, ile mali iko na haiwezi kumsaidia zaidi ya kodi yake ya mwezi. Kuna familia niliwashauri wakfu na mpaka leo nikilala nawawaza.

Wasio Waislamu mambo yenu ni mepesi kidogo, wosia wenu unaweza kuunda amana moja kwa moja, na mtoto aliyeachwa bila kitu sheria ya urithi, sura ya 160, inamruhusu kudai. Lakini nani atamdaia? Andikeni mapema. Na nyote, kama nyumba yenu ni nyumba bila ardhi, kumbukeni mnachogawa ni kuta na bati, mwenye kiwanja yuko na atakuja kutaka kodi yake.

Kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu chukueni, Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ombeni, na akiwa ana kazi kuna msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Hizo ni haki zake, ila nyumba ni nyumba.

La mwisho ni hili la mtoto akitimiza miaka 18. Kwenye fiqhi, yaani sheria ya dini, ya Kishafii aliyebaleghe akili haijatimia ulezi wa babake unaendelea, lakini benki wanataka amri ya Mahakama Kuu ya kukuteua mlezi, mzazi au si mzazi. Ripoti ya daktari, ridhaa ya ndugu, orodha ya mali, na ukishateuliwa huwezi kuuza ardhi yake wala kuiweka rehani bila idhini ya korti. Kiziwi, kipofu, wa kiti cha magurudumu, hawa hawahitaji mlezi, wana akili zao, msiniletee! Na hata kwa wanaohitaji, kila nikipeleka ombi hili moyo unanisuta. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 12 kinasema uwezo wao kisheria ni sawa na wetu, wasaidiwe kuamua, wasiamuliwe. Mimi naenda kortini kuomba mtu anyamazishwe ili akaunti ifunguke.

Jioni hii yule mzee wa Shella amerudi. Safari hii nilimwambia aje na mwanawe, kijana wa miaka 26 ambaye siku zote huachwa nje kwenye tuktuk. Nikamkalisha, nikamuuliza pole pole, baba akisafiri, wewe ungependa kukaa na nani? Hata hakufikiri.

"Kwa dada. Kaka ana kelele."

Mzee akavua kofia akaipakata. Ndo akaniuliza, dadake kaolewa Kilifi, sasa itakuwaje? Nikavuta karatasi mpya.