Je, Wajua? Kwa Nini Mbega wa Mlima Elgon Hutoka Doa Jeusi Kwenye Picha

Mlima Elgon unasifika kwa ndovu wanaoingia pango la Kitum usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Lakini mgeni anayeingia mbugani kupitia lango la Chorlim, upande wa Endebess, ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mbega. Huyo hana haja ya kutafutwa kwa darubini: mwili mweusi tititi, shali ya manyoya meupe pepepe inayoning'inia kutoka mabegani hadi kiunoni, na mkia mrefu wenye kishungi cheupe mwishoni. Macho yanaona kila unywele. Kisha unatazama picha uliyopiga, na kilichomo ni doa jeusi lenye mkia. Picha inayofuata, mbega yuleyule amekuwa wa kijivu, na shali yake imegeuka karatasi tupu.

Wengi hulaumu kamera. Ukweli ni kwamba hata ya shilingi laki tano hufanya hivyohivyo, kwa sababu kosa liko kwenye dhana ambayo karibu kamera zote huanza nayo. Kipimo cha mwangaza hakijui kama kinachopimwa ni cheusi au cheupe. Kinachukulia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha wastani, yaani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwa shamba la mahindi la Kitale dhana hiyo haiendi kombo sana. Kwa mbega inaharibika, tena kwa namna mbili zinazopingana.

Akiwa juu ya tawi na mbingu nyeupe nyuma yake, sehemu kubwa ya fremu ni mbingu. Kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na mbega anazama gizani. Akishuka karibu ukamvuta kwa lenzi ndefu hadi mwili wake ukajaza fremu, sasa kamera inaona weusi mtupu. Inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na weusi unapauka huku shali ikiungua, yaani ikibaki weupe mtupu usio na unywele. Ndiyo maana ushauri wa "ongeza mwanga kidogo" unaotolewa kwa kila mtu haufai hapa. Kwenye hali ya kwanza unaongeza kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa, pengine hatua moja na nusu. Kwenye ya pili unapunguza. Hatua moja, kwa lugha ya wapiga picha, ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu.

Macho hayapati shida hii kwa sababu hayatazami kila kitu kwa mpigo mmoja. Yanahama kutoka usoni kwenda kwenye shali, yakijirekebisha njiani, na ubongo unaunganisha. Kamera hupima mara moja na kumaliza.

Basi kama lazima kimoja kipotee, kipi? Mimi huokoa weupe bila kufikiria mara mbili. Faili la kawaida la JPEG lina ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Nywele zote za shali zikigonga 255, tofauti kati ya unywele na unywele haipo tena, na hakuna programu ya kuirudisha. Itakayojaribu itabuni tu. Kamera nyingi zina onyo la kumetameta kwenye sehemu zilizoungua. Liwashe, na upunguze mwanga hadi shali iache kumetameta.

Weusi una rehema zaidi, ila kwa masharti. Piga kwa faili ghafi, lile linaloitwa RAW. Likiwa la biti 14 lina ngazi 16,384, kwa hiyo ndani ya kile kinachoonekana giza bado kuna manyoya, mkunjo wa mkono, hata mpaka wa uso. Ukiyainua yanatokea, lakini na chenga zake. Mwanga hufika kwenye kihisi, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachoupokea, punje kwa punje, bila mpangilio, kama matone ya mvua kwenye sufuria zilizopangwa uani: mvua ikiwa nyingi sufuria zote hujaa karibu sawa, ikiwa manyunyu moja hupata matone saba na jirani yake kumi na mbili. Mahali palipopata punje 10,000 yumbo hilo ni kama asilimia 1. Palipopata 100 ni asilimia 10, na hiyo asilimia 10 ndiyo chenga unazoziona mgongoni mwa mbega ukivuta kivuli kupita kiasi.

Kwenye kompyuta mimi huanza na rangi, si mwangaza. Mwanga uliochujwa na majani ya msitu, uwe wa Elgon au wa Kakamega, hufika ukiwa wa kijani, na shali nyeupe huunywa wote. Sogeza kipimo cha rangi kuelekea zambarau kidogo kidogo hadi weupe utulie. Kisha shusha sehemu zinazong'aa, inua vivuli, na hapo wengi huharibu: wanainua mpaka mbega anakuwa wa kijivu. Mbega ni mweusi. Baada ya kuinua vivuli, rudisha chini weusi wa mwisho kabisa ili mwili upate uzito wake. Jicho lake ni la kahawia iliyokolea katika uso mweusi, kwa hiyo bila nukta ya mwanga ndani yake halionekani kabisa. Kama nukta ipo, ing'arishe kidogo. Kama haipo, usiichore.

Kazi hiyo yote hupungua ukichagua saa. Karibu na ikweta jua hupanda wima, na mwanga laini wa asubuhi hauchukui muda kuisha. Saa tatu na nusu vivuli vimeshakuwa vikali. Mawingu mepesi ni bora kuliko jua kali, ingawa wageni hulalamika yakija. Bahati nzuri mbega hula majani, ambayo huchukua muda mrefu kusagika tumboni, hivyo hupumzika sehemu kubwa ya mchana, na aliyetulia anakubali kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde. Akiruka, hesabu 1/1000.

Ukikuta kifuani mwa mama kuna kitu cheupe chote, usidhani umeunguza picha. Watoto wa mbega huzaliwa weupe kuanzia kichwani hadi mkiani, na huchukua miezi mitatu hadi minne kupata rangi za wazazi. Hapo kitufe cha kurekebisha kiotomatiki kiache, kitampaka kijivu. Pima mwangaza kwenye mgongo wa mtoto, kisha uongeze kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa ili asitoke kijivu, ukiishia kabla hajaanza kumetameta. Mama utamtoa kivulini baadaye.