Taa ya oili haiponi kwa oili nzito

Injini imefunguliwa, ikafungwa upya, ikawashwa, na taa ya oili inakataa kuzimika. Kwenye gereji za Tabora ushauri wa haraka huwa: weka oili nzito. Unaeleweka, maana oili nzito kweli hupandisha presha ya oili.

Ila baada ya kufunga upya, mara nyingi pampu ya oili ni kavu, inavuta hewa. Oili nzito itazidi tu kuchelewa kufika kwenye beringi. Zima injini mara moja. Jaza oili kwenye filta (kama inakaa wima), toa plagi zote, kata njia ya mafuta, piga starta sekunde 10, pumzisha, rudia hadi geji ya presha ya oili ipande. Isipopanda, fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini): oringi (pete ya mpira) ya bomba la kunyonyea oili husahaulika sana, au hukatika wakati wa kufunga.

Kuhakikisha mwenyewe, toa swichi ya oili (inayowasha taa), funga geji ya mkono mahali pake. Injini ikiwa ya moto, mafundi hukadiria psi 10 (kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Geji ikisoma vizuri na taa bado inawaka, swichi ndiyo mbovu. Presha ikianguka kila injini ikipata moto, pima uwazi wa beringi za krenki (shafti kuu ya injini).