Mhafidhina wa Marekani anahifadhi nini?

Ukifuatilia habari za Marekani kwa Kiswahili, neno "wahafidhina" halipiti siku hujalisikia: majaji wahafidhina, wabunge wahafidhina, wapigakura wahafidhina. Mzizi wake tunaujua. Aliyehifadhi Msahafu huitwa hafidhi, na Serengeti ni hifadhi. Basi mhafidhina ni mtu asiyetaka kilichokuwepo kipotee. Lakini nchi iliyozaliwa kwa mapinduzi mwaka 1776 ina cha kale gani cha kuhifadhi?

Mhafidhina wa Uingereza alikuwa na mfalme, kanisa la taifa na mabwana wenye ardhi. Wamarekani walishamkataa mfalme. Walichobaki nacho ni Katiba, haki ya mtu juu ya mali yake, na serikali iliyowekewa mipaka, mambo ambayo Ulaya yalikuwa ya waliberali, yaani watetezi wa uhuru wa mtu binafsi. Hapo ndipo wasomaji wengi wanapochanganyikiwa, na hawana kosa: mhafidhina wa Marekani, kwa sehemu kubwa, anahifadhi uliberali wa zamani.

Kama fikra inayojitambua kwa jina hilo, uhafidhina huu si wa kale sana. Ulijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na watu ambao mezani pamoja wasingemaliza chakula bila kugombana. Kulikuwa na wa soko huria, waliomfuata mchumi Friedrich Hayek wa Austria, aliyeonya mwaka 1944 kwamba serikali ikishika uchumi wote itawashika na watu. (Hayek mwenyewe aliandika baadaye kueleza kwa nini yeye si mhafidhina.) Kulikuwa na wapinga ukomunisti, baadhi yao wakiwa wakomunisti wa jana. Na kulikuwa na watu wa mila, ambao mkubwa wao ni Russell Kirk.

Kirk aliishi Mecosta, kijiji cha Michigan, na hakuendesha gari. Aliliita gari Jakobini wa mitambo, akilifananisha na wanamapinduzi wa Ufaransa, kwa sababu linatawanya familia na kubomoa miji iliyokaa vizazi. Michigan hiyo hiyo ndiyo yenye Detroit, mji ulioipa dunia nzima gari. Gari ni tunda la soko huria, na soko huria halimwulizi mtu babu yake alizikwa wapi. Mimi naona mgogoro wote wa uhafidhina umo katika gari hilo ambalo Kirk hakutaka kulishika usukani.

Mwaka 1955 William F. Buckley, kijana wa miaka 29, alianzisha jarida la National Review mjini New York akawakusanya wote. Hoja ya kuwaunganisha ilitoka kwa mhariri wake, Frank Meyer, aliyewahi kuwa mkomunisti: wema wa kulazimishwa si wema. Serikali imwache mtu huru, na familia na dini zimfundishe kuutumia uhuru wake. Brent Bozell, shemeji wa Buckley, alimpinga akisema uadilifu hutangulia uhuru. Muungano ulisimama hata hivyo, ingawa ulikuwa na dalili za ndoa ya mkeka: hofu ya Moscow ndiyo iliyoufungisha.

Kuna doa lisilofaa kurukwa. Mwaka 1957 jarida hilo lilitetea haki ya wazungu wa Kusini kutawala hata pale walipokuwa wachache. Mwaka 1964 Seneta mhafidhina Barry Goldwater alipiga kura kuipinga Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi, akisema serikali kuu inavuka mipaka yake. Alipogombea urais mwaka huo alishinda majimbo sita tu: Arizona kwao, na matano ya Kusini kabisa. Huenda yeye alimaanisha mipaka ya serikali. Mtu mweusi wa Mississippi, aliyezuiwa kupiga kura, alijua mipaka hiyo inamlinda nani. Uzeeni Buckley alikiri kwamba alikosea.

Ronald Reagan aliishika ndoa ile vizuri kuanzia uchaguzi wa 1980. Kisha Umoja wa Kisovieti ukavunjika mwaka 1991, na kila upande ukakumbuka madai yake. Mwaka uliofuata tu mwandishi mhafidhina Pat Buchanan alimpinga rais wa chama chake mwenyewe, Republican, akidai mipaka ifungwe na viwanda vya nyumbani vilindwe. Mapema mwaka 2016 National Review ilitoa toleo maalumu la kumkataa Donald Trump, aliyewania urais kwa chama hicho. Wapigakura wa chama wakamchagua, licha ya ushuru wa forodha aliouahidi, unaokinzana na soko huria.

Mvutano huo umefika hadi kwetu. Mwaka 2003 George W. Bush, Mkristo mhafidhina, aliahidi dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI. Ndiyo PEPFAR, iliyolipia ARV za watu wengi Kenya, Uganda na Tanzania. Januari 2025 Trump, wa chama kile kile, alisimamisha misaada ya nje siku ya kwanza aliyorudi Ikulu, na baadhi ya kliniki zilizoitegemea zikafunga milango. Julai mwaka huo Seneti, iliyoshikwa na chama hicho, ilipitisha makato ya dola bilioni 9 yaliyoombwa na Trump, mengi yakiwa ya misaada ya nje. Kabla ya kupiga kura iliondoa kato moja: dola milioni 400 za PEPFAR.