Asklepia ya rangi ya chungwa haitaki kubembelezwa

Kila mwezi wa Mei huku Iowa, Marekani, naulizwa swali lilelile: "Ule mmea wa mwaka jana umekufa, niung'oe?" Usiung'oe. Asclepias tuberosa, yaani hii asklepia ya chungwa, huchelewa sana kuamka baada ya baridi. Maua mengine yakiwa yameshafika magotini, yenyewe haijatoa hata chipukizi. Chomeka kijiti kando yake tangu vuli, jembe lisije likaipitia.

Asili yake ni mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini, na nguvu yake yote iko ardhini. Mzizi wake mkuu ni mnene kama muhogo, hushuka wima hadi kwenye unyevu ambao mizizi ya juujuu haiufikii. Mwaka wa kwanza mwagilia. Baada ya hapo, mpira wa maji uweke kando. Nyingi ninazoziona zikifa haziuawi na kiu, zinaoza: udongo wa mfinyanzi, theluji inayeyuka, maji yanatuama kwenye kichwa cha mzizi. Kama udongo wako ni mzito, inua tuta na uchanganye changarawe. Samadi usitie kabisa, maana udongo ulionona huleta mashina marefu yanayolala chini. Ikikaa pakavu, penye jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku, husimama yenyewe, sentimita 30 hadi 75.

Ukishaipanda, usiihamishe. Mzizi ukikatika, mara nyingi ndiyo basi.

Mbegu zinataka baridi kwanza. Zichanganye na mchanga wenye unyevunyevu, ziweke kwenye friji siku 30 au zaidi, au zimwage nje mwezi Novemba. Ua utaliona mwaka wa pili au wa tatu.

Na ukivunja shina usione utomvu mweupe, hujauziwa mmea bandia. Ndugu zake wengi wana utomvu huo, huu hauna.

Majani yakianza kutobolewa, dawa weka mbali: viwavi wenye milia myeusi, myeupe na ya njano ni watoto wa kipepeo monaki, yule anayesafiri hadi Meksiko. Vidukari wa njano wakijazana kwenye vikonyo, mimi huwapangusa kwa vidole. Maji ya kasi yanaweza kung'oa na mayai ya monaki.

Ukitaka mbegu, yafunge maganda kwa uzi kabla hayajapasuka. Yakishafunguka, sufi yake hupeperuka na upepo pamoja na mbegu, na mwakani utaanza kuomba miche kwa jirani.