Msitu wa mvua huishi kwa majani makavu

Michoro mingi ya mtandao wa chakula wa msitu wa mvua humweka chui juu kabisa, chini yake nyani, ndege na viwavi, na majani mabichi mwishoni. Si uongo. Ila sisi tunaochimba udongo wa misitu hii tunaona umebaki nje upande wenye shughuli nyingi zaidi. Majani ya miti hii ni magumu na yana tanini, kemikali chungu inayowafukuza walaji, hivyo walao majani hula sehemu ndogo tu. Mengi huanguka bila kuguswa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati ambayo majani yaliinasa kwa usanisinuru huishia kwa kuvu, bakteria, mchwa na jongoo.

Huko juu, kila mnyama huitumia sehemu kubwa ya nishati aliyoila kwa kuishi tu, nayo hutoka mwilini kama joto. Kwa makadirio ya kawaida, takriban asilimia 10 ndiyo hufika ngazi inayofuata, na ndiyo maana chui huwa wachache. Joto hilo halirudi tena kwenye mtandao. Jua lisipowaka, hakuna kipya.

Virutubisho havina jua la kuvileta. Udongo wa sehemu kubwa ya Amazon na bonde la Kongo umeoshwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, na fosforasi iliyobaki ni haba mno. Mti hubana: kabla ya kuangusha jani, hurudisha shinani fosforasi nyingi iliyomo. Jani likifika chini, kuvu hulivamia. Mbao hubebwa na mchwa, ambao wengi wao hutegemea vijidudu vya tumboni kuvunja selulosi, nyuzi ngumu za mbao. Nayo mizizi myembamba, ikisaidiwa na kuvu za mikoriza, yaani kuvu zinazoishi kwenye mizizi na kuipatia virutubisho, husongamana karibu kabisa na uso wa ardhi. Mingine hupanda na kujipenyeza ndani ya jani linalooza.

Wanaikolojia Nellie Stark na Carl Jordan walilipima jambo hili Venezuela, kwenye msitu wa San Carlos de Río Negro. Walinyunyizia mizizi hiyo kalsiamu na fosforasi zenye mnururisho, na mwaka 1978 wakaripoti kwamba ni asilimia 0.1 tu iliyopenya hadi chini. Kwangu hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vya ubahili wa msitu.

Kidogo huvuja hata hivyo, kikaenda na mito. Kwa Amazon, sehemu ya fidia hutoka mbali: upepo huvusha vumbi la Sahara, hasa la bonde la Bodélé nchini Chad, hadi ng'ambo ya Atlantiki. Makadirio ya setilaiti yaliyotolewa 2015 yanataja fosforasi ya tani 22,000 hivi kwa mwaka.

Sasa kata msitu huo, uchome, upande mazao. Mavuno ya kwanza hupendeza, maana majivu yana virutubisho vilivyokuwa ndani ya miti. Baada ya misimu michache mvua huwa imeviosha, kwa kuwa mizizi na kuvu zilizokuwa zikividaka hazipo tena.