Pindo la zambarau: kasoro ya rangi kwenye lenzi zenye tundu kubwa, filamu na dijitali

Piga picha majani ya mnazi saa sita mchana, anga jeupe likiwa nyuma yake, kwa lenzi ya 85mm iliyofunguliwa hadi f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa). Ikuze picha kwenye skrini mpaka 100%, kisha angalia pale jani linapokutana na anga. Utakuta ukingo wa jani umeshonewa pindo la zambarau lenye upana wa pikseli nne au tano hivi, kama pindo la kanga linavyouzunguka mji wake. Wengi wakiliona mara ya kwanza hudhani sensa, yaani kipokezi cha mwanga ndani ya kamera, imeharibika au wameuziwa lenzi bandia. Sivyo. Hiyo ni kasoro ya rangi, imo ndani ya lenzi yenyewe, na ilikuwemo tangu zama za filamu. Ila kasoro hizi ni mbili, na dawa ya moja haigusi nyingine. Ndiyo maana nasisitiza upimaji kabla ya matibabu.

Chanzo ni kwamba kioo hakipindi rangi zote sawasawa. Urujuani na buluu hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo. Lenzi ya kioo kimoja kwa hiyo huikusanya buluu karibu nayo, na nyekundu huikusanya mbali zaidi. Mwaka 1758 John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi iliyounganisha vioo vya aina mbili, kimoja kikirekebisha kosa la mwenzake, na rangi mbili zikakutana sehemu moja. Rangi nyingine zikabaki nje. Kwenye lenzi ya namna hiyo, kijani hutua mbele kidogo, karibu zaidi na lenzi, wakati buluu na nyekundu, ambazo zikichanganyika huwa zambarau, hukutana nyuma yake. Umbali kati yao ni takriban sehemu 1 ya 2000 ya urefu wa fokasi. Kwa 85mm hiyo ni kama milimita 0.043, yaani wembamba usiofika unywele. Lenzi ya kamera ina vioo vingi kuliko viwili na hesabu yake ni pana zaidi, lakini kwa 85mm za muundo wa zamani makadirio haya yanatosha kuonyesha kinachotokea.

Gawanya umbali huo kwa namba ya f, upate upana wa doa ambalo rangi iliyokosa fokasi italiacha. Kwa f/1.4 unapata maikroni 30 (maikroni ni sehemu 1 ya 1000 ya milimita). Kwa f/2.8 unapata 15, na kwa f/5.6 kama 7.6. Sensa ya fremu kamili, yaani yenye ukubwa wa filamu ya 35mm, yenye megapikseli 24 ina pikseli za maikroni 6, kwa hiyo kwa f/1.4 doa linafunika pikseli tano, na kwa f/5.6 linabaki pikseli moja na kitu. Hapo ndipo ilipo siri yote ya lenzi zenye tundu kubwa. Si kwamba vioo vyake ni vibaya. Mwanga unaingia kwa pembe pana, na kosa dogo la fokasi linatanuka.

Sasa linganisha na filamu. Maikroni 30 zilezile kwenye negativu ya 35mm, ukichapa picha ya sentimita 10 kwa 15, zinakuwa milimita 0.13, na jicho linapita tu. Ukichapa 20 kwa 30 zinakuwa robo milimita, na mtu makini ataanza kuona. Kwenye skrini ya kawaida kwa 100%, pikseli tano ni zaidi ya milimita moja. Lenzi ni ileile, kilichobadilika ni ukali wa macho tunayoiangalia nayo. Kuna sababu ya pili: filamu ya negativu huipokea nuru kali taratibu kadiri inavyozidi, lakini sensa hujaa ghafla. Anga likishajaa na kuwa jeupe tupu, ule mwanga hafifu wa zambarau pembeni yake hupata nguvu ya kuonekana.

Kasoro ya kwanza, hii ya fokasi, naiita ya mhimili. Hutokea popote kwenye fremu, hata katikati kabisa, na hupungua ukifunga tundu. Ya pili ni ya pembeni: rangi zote zina fokasi nzuri, lakini picha nyekundu na picha ya buluu hazina ukubwa sawa. Katikati huioni kabisa. Kadiri unavyokwenda kwenye kona inazidi, upande mmoja wa mlingoti ukiwa na nyekundu na upande wa pili samawati. Hii haipungui kwa kufunga tundu. Lenzi pana na zumu za bei nafuu ndizo zinazosumbuliwa nayo zaidi.

Kupima ya mhimili, chukua karatasi nyeupe iliyochapwa maandishi meusi, ilaze kwa nyuzi 45 na uweke rula ya sentimita 30 ubavuni. Weka kamera kwenye stendi, umbali wa mita moja, ISO 100, kipima muda cha sekunde mbili. Fokasi iwe kwenye alama ya 15. Piga f/1.4, f/2, f/2.8, f/4 na f/5.6, ukiacha mizani ya nyeupe palepale. Kwa 85mm kwa f/1.4 kina cha ukali ni kama sentimita moja tu, hivyo sehemu kubwa ya karatasi itakuwa na ukungu, na ndicho tunachotaka. Maandishi yaliyo mbele ya fokasi, upande wa kamera, yatakuwa na pindo la zambarau. Yaliyo nyuma yatakuwa na kijani. Kwa kitu kilicho karibu, buluu na nyekundu zimetawanyika zaidi ya kijani zinapofika kwenye sensa. Kwa kitu kilicho mbali, kijani ndicho kilichotawanyika.

Mpangilio huo una faida moja ambayo wapiga picha za watu wanaiacha bure. Kuza kope za mtu uliyempiga. Zikiwa na kijani, fokasi ilitua mbele yake, pengine kwenye pua. Zikiwa na zambarau, fokasi ilipita ikaenda kwenye sikio. Zikiwa hazina rangi yoyote, umepata. Kwa anayetumia DSLR (kamera ya dijitali yenye kioo ndani) ya zamani inayohitaji kurekebishwa fokasi ya otomatiki, hiki ni kipimo cha bure na hakidanganyi.

Ya pembeni ipime kwa nondo za dirisha zenye anga nyuma. Ziweke kwenye kona, piga kwa f/2.8 na f/8. Pindo likibaki lilelile, ni ya pembeni. Likipungua, ni ya mhimili. Mara nyingi utakuta zote mbili kwa pamoja.

Dawa bora ya ile ya mhimili inapatikana kabla ya kubonyeza. Kutoka f/1.4 kwenda f/2 pindo linapungua kwa karibu theluthi moja, na f/2.8 linabaki nusu. Kwenye harusi, bibi harusi mwenye shela nyeupe na vito vinavyometa mbele ya mlango wenye giza, mimi hushauri f/2.2 na kupunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu au kuuongeza mara mbili), upige RAW, yaani faili ghafi la sensa, nyeupe isijae. Ukungu wa nyuma bado utakuwepo wa kutosha. Na ukiweza kumsogeza hatua mbili ili matawi yenye anga jeupe yasiwe nyuma ya kichwa chake, msogeze. Hakuna programu itakayofanya kazi nzuri kuliko hatua hizo mbili. Chujio la UV halisaidii kwenye dijitali. Sensa tayari imefunikwa na kioo kinachozuia urujuanimno, na tatizo letu ni urujuani unaoonekana.

Zipo lenzi zilizotibiwa kiwandani: Leica APO-Summicron 50mm f/2 ya 2012, Zeiss Otus 55mm f/1.4 ya 2013, na Canon 35mm f/1.4L II ya 2015 yenye tabaka maalumu la kupinda buluu. Ni nzuri kweli. Ni ghali pia, na kwa kazi nyingi kufunga tundu stopu moja kunatosha.

Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, kisanduku cha Remove Chromatic Aberration kinatibu ya pembeni peke yake, kwa kuzilinganisha upya picha za rangi. Watu hukitia alama, pindo la zambarau likabaki, wakasema programu mbovu. Ya mhimili dawa yake ni kifaa cha Defringe kilicho humohumo. Kuza hadi 200%, chukua kidonezi cha rangi, bonyeza katikati ya pindo lenyewe, si kwenye jani wala kwenye anga. Kiasi kinaanzia 0 hadi 20. Anza na 3 au 4, na ukipita 8 chunguza picha nzima. Defringe haijui pindo ni nini, inafuta rangi kwenye kingo tu. Kitenge cha zambarau kitapoteza uhai, na ukingo wa jani la kijani utageuka kijivu. Vitu hivyo vikiwemo, tumia brashi na upake palipo na tatizo tu. RawTherapee, ambayo ni ya bure, nayo ina kifaa chenye jina hilohilo.

Kwa wanaopiga filamu kuna mambo matatu zaidi. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe, kasoro ya mhimili haionekani kama rangi bali kama ulegevu, picha inakosa makali bila sababu. Chujio la njano namba 8 huzuia urujuani na sehemu ya buluu, na lenzi ya zamani kwa f/1.4 hupata makali mapya. Gharama yake ni stopu moja.

La pili, si kila pindo ni la lenzi. Mng'ao mwekundu kuzunguka taa usiku, kama ule wa filamu ya CineStill 800T iliyoondolewa tabaka jeusi la nyuma, ni mwanga uliopenya filamu, ukagonga nyuma na kurudi. Tabaka la nyekundu ndilo la chini kabisa, hivyo ndilo linalopigwa kwanza. Hauna uhusiano na fokasi, na ukifunga tundu huku ukirefusha muda unabaki palepale.

La tatu ni uskani. Ukipiga picha negativu kwa kamera na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), unaweza kuongeza kasoro mpya. Shuku ikiingia, isogeze negativu mpaka kona yake yenye pindo ikae katikati ya fremu ya kamera, na upige tena kwa f/8. Pindo likitoweka, lilikuwa la lenzi ya makro. Likibaki, lilipigwa siku ile ya picha. La makro lirekebishe kabla ya kugeuza negativu kuwa chanya, kwa sababu rangi zake zitageuka nayo: zambarau itakuwa kijani, nawe utaifukuza kwa kitelezo kisicho chake. La lenzi iliyopiga picha lirekebishe baada ya kugeuza, na ukate kingo za filamu sawasawa pande zote kwanza, kwani marekebisho ya pembeni hupimwa kutoka katikati ya faili.